Kusafiri peke yako ndani ya gurupu: mahekalu ya Misri, Cairo ya zamani na mlima Sinai (uzi)

YayaKatuba, Lubumbashi

Jambo yenu bote. Batu bengi wameniandikia pembeni kuniuliza ile safari yangu ya Misri, naona afazali nifungue uzi nijibie bote hapa juu mikono imechoka kuandika kitu moja kila siku. Swali ya kwanza ya kila mutu ni "ulienda na nani?" Paka mimi. Bwana sina, batoto beko ku masomo, na barafiki yangu ya soko tunapangaka safari kila mwaka, mwaka ikifika moja iko na deni, mwingine amezaa, mwingine bwana yake amekataa. Kungojea batu ni kazi isiyo na mwisho. Nikalipa nafasi yangu mu gurupu ya kuongozwa, batu ambao hatujuane, gidi moja, bisi moja, nikapanda ndeke ku Luano, tukabadirisha Addis-Abeba, mpaka Cairo.

Programu ilikuwa ya fasi za dini za zamani tu, hakuna mambo ya plage. Cairo ya zamani na makanisa na misikiti yake, kisha Luxor, halafu mashua juu ya Nili mpaka Aswan tukisimama ku mahekalu ya Edfu na Kom Ombo, kisha mahekalu ya Philae na Abu Simbel, na mwisho Sinai ku monasteri ya Mtakatifu Katarina.

Niseme wazi kile ninafikiri: ndani ya gurupu ya namna hii, mutu aliye peke yake njo anaonaka muzuri kupita bale bamekuja bawili bawili. Bale bawili banaongea habari zao za nyumba, banapigana picha, banagombana juu ya kofia ilisahauliwa ku hoteli. Weye uko karibu na gidi, masikio wazi, hakuna mutu anakuvuta mukono. Lakini kuna kitu utalipa, saa haiko yako. Gidi akisema dakika 40 ni dakika 40, hata kama umesimama mbele ya ukuta na hautaki kutoka. Kwa hiyo mbele ya kutosha makuta yako usihesabu majina ya fasi mu programu, hesabu saa. Programu yenye kutia mahekalu ine mu siku moja ni ya kupiga picha ku mulango na kurudi mu bisi.

Ulizeni, nitajibu usiku, mchana niko soko.

Birere_Moto, Goma

Yaya asante kwa kufungua huu uzi. Mimi naogopa kitu moja tu, kula peke yangu. Watu wote mezani wako na wenzao, wewe unatazama sahani na telefone. Ulifanya aje?

YayaKatuba, Lubumbashi

Birere, hiyo woga inaishaka haraka kama unataka iishe. Asubui ya kwanza usingojee kualikwa, beba sahani yako uende ku meza yenye kiti wazi uulize "hapa kuna mutu?" na ukae. Mu gurupu hakukosi mwingine wa peke yake. Kwetu kulikuwa mama moja mujane wa kutoka Ufaransa na mzee moja mupensheni hasemi kitu mpaka umuulize habari ya nyota, hapo hanyamazi tena. Kisha siku mbili bote banajuana, na shida inageuka: utatafuta namna ya kukimbia batu. Jioni niliagaka mapema nikipanda juu ya mashua kutazama maji, hakuna mutu alikasirika, ndio uzuri wa kutokuwa na mutu wa kumuomba ruhusa.

Chakula usijali. Koshari itakushibisha, muchele, dengu, makaroni, nyanya na vitunguu vya kukaanga byote mu sahani moja. Bukari (ugali) haiko, jitayarishe moyo.

Kadutu_77, Bukavu

Nimesikia ukilala peke yako wanakuongezea bei. Ni kweli ao ni ajansi zetu za hapa zinatuibia?

YayaKatuba, Lubumbashi

Ni kweli na ni fasi zote. Bei ya chumba inapangwaka kwa batu bawili, ukilala peke yako utajaza nafasi ya yule hayuko. Siandiki bei hapa juu inabadirika kila wakati, lakini si kidogo. Kuna ajansi zinakubali kukutafutia mwenzako wa kulala naye, mwanamuke na mwanamuke, mwanaume na mwanaume. Hapo uliza swali moja tu, na jibu ikuye kwa maandishi: kama hamukupata mwenzangu, nani analipa? Wengine wanasema basi ni juu yetu, wengine wanakurudia mwezi moja mbele ya safari na fakitire mupya. Mimi nililipa chumba ya peke yangu na sikujuta, kisha siku muzima na batu unatamani mulango wa kufunga.

Mulokole_Ndosho, Goma

Samahani mama yangu, sitaki kukuvunjia heshima. Lakini mkristo aliyeokoka anaingia aje mu hekalu la Amoni? Yale ni mazabahu za miungu ya Farao. Mungu alitoa watu wake Misri, sisi tunalipa dola kurudi. Cairo ya makanisa nakubali, Sinai nakubali, lakini Karnak, ile ya Amoni kule Luxor, na ile ya Isis mungu wao wa kike hapana. Mtu anaweza kurudi na roho ya kule bila kujua.

PapaKamalondo, Lubumbashi

Roho gani, roho inarudiaka tu ku makuta yenye imepotea hahaha

Mwalimu_Bagira, Bukavu

Ndugu wa Ndosho, nafundisha dini na historia kwa sekondari kwa hiyo uniruhusu kidogo. Mathayo sura ya 2, Yosefu anakimbilia wapi na mtoto? Misri. Mahekalu ya Isis yalikuwa wazi wakati huo, makuhani wako ndani, uvumba unawaka, na mtoto Yesu yuko inchi ile ile. Na Matendo sura ya 7, Stefano mwenyewe anasema Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Sasa kama Musa alisoma kule, mama yetu wa Katuba kutazama nguzo kwa dakika 40 itamdhuru nini?

Halafu hii hofu yako si mupya. Yaya, ulifika Edfu, uliona zile sura kwenye ukuta?

YayaKatuba, Lubumbashi

Mwalimu niliona! Na Mulokole usikasirike, swali yako ni ya maana, bamama ya kanisa langu waliniuliza hivyo hivyo, hata kuna moja alitaka kuombea sanduku yangu niliporudi.

Basi sikiliza. Edfu ni hekalu ya Horus, yule mungu mwenye kichwa ya ndege. Walianza kujenga mwaka 237 mbele ya Kristo, wakamaliza 57, miaka 180, wajukuu wa wajukuu wa wale walianza. Imebaki muzima kupita zingine zote. Sasa ukiingia ndani unaona miungu ku ukuta, mwili uko, mikono iko, sura hakuna, imechokolewa na chuma alama kwa alama. Na dari nyeusi kama sufuria ya kuni. Gidi akatuambia ni wakristo wa zamani walipiga zile sura na kuwasha moto humo. Kwa hiyo walokole walishafika, ndugu yangu, miaka 1 500 mbele yako. Na waliochokoa sura waliacha miguu na mikono, inaonekana sura njo ilikuwa inawatisha.

Lakini Philae njo ilinigeuza kichwa. Hekalu ya Isis, iko juu ya kisiwa karibu na Aswan, munaenda na mashua ya mota. Ku Philae njo kuna maandishi ya mwisho ya picha za Kimisri tunayojua tarehe yake, mwaka 394. Maandishi yaliyoendelea zaidi ya miaka 3 000, halafu ku ule ukuta, basi, hakuna tena. Nilisimama pale. Kisha mu mwaka wa 500 na kitu kaisari wa Waroma, Justinian, akafunga hekalu, na askofu moja jina yake Theodoros akageuza ile sali (ukumbi) ya mbele kuwa kanisa ya Mtakatifu Stefano. Unaona misalaba imechongwa ndani ya nguzo za Isis, na altare ya jiwe yenye musalaba iko pale mpaka leo. Ku upande moja malkia anapewa uzima na mungu wa kike, geuza shingo, musalaba. Wamepandana tu.

Na tena ile kisiwa si kisiwa yake! Walipojenga bwawa ya Aswan maji ilifunika hekalu, toka ile bwawa ya kwanza ya 1902 batalii walikuwa wanapita na pirogi katikati ya nguzo. Kisha UNESCO na Misri wakazungusha kisiwa na ukuta wa chuma, wakatoa maji, wakakata hekalu vipande vipande, wakaijenga upya ku kisiwa ya jirani, Agilkia, kazi ikamalizika 1980. Walikata kisiwa ya Agilkia mpaka ifanane na ile ingine. Sasa mimi niko napiga magoti yangu kutazama musalaba wa askofu, gidi anapiga makofi "batu yangu, mashua!" Nilitamani kumutupa mu Nili.

Birere_Moto, Goma

Hahaha gidi wa watu

GidiWaTshivanga, Bukavu

Mimi nilifanya kazi ya kuongoza batalii kwa park ya Kahuzi-Biega, upande wa Tshivanga, naomba nitetee huyo gidi. Munafikiri anapenda kupiga makofi? Nyuma ya mgongo wake kuna shofa, kuna mashua imekodiwa kwa saa, kuna gurupu ingine inangoja mulangoni, kuna mutu moja mgonjwa wa tumbo hajasema kwa wenzake lakini amemwambia gidi kwa siri. Kwetu kule gorila wenyewe ni saa moja, ikiisha imeisha, hata uwe minisita.

Lakini Yaya amesema kitu ya ukweli kuhusu mutu wa peke yake. Gidi anajua haraka nani amekuja kusikiliza. Wale wa peke yao ndio wanauliza swali la pili. La kwanza kila mutu anaweza kuuliza, "hii ina miaka ngapi". La pili ndilo linaonyesha unasikiliza. Ukimpata gidi na swali la pili siku ya kwanza, atakutafuta wewe mezani, atakuambia mambo hayako kwa programu, atakuonyesha kipande ya ukuta wengine wote wamepita. Kwa hiyo shauri yangu kwa wanaoenda peke yao: mwanzoni mwa siku mufuate yeye bega kwa bega mu bisi, muulize leo fasi gani tutakuwa na muda kidogo, ili ujue mapema wapi utakimbia kutazama peke yako wakati wengine wanapiga picha. Na umwachie bakshishi ya heshima mwishoni, yeye na shofa, usimpe gidi tu.

YayaKatuba, Lubumbashi

Asante papa, ile ya shofa wengi wanasahau. Na niongeze kitu kwa wale hawajafika: kuna fasi gidi haruhusiwi kueleza ndani. Abu Simbel na makaburi ya wafalme ku Luxor, anaeleza inje mbele ya picha kubwa, kisha munaingia benyewe. Hapo njo utajua kama ulisikiliza. Kwangu zile zilikuwa dakika muzuri kupita zote juu ndani hakuna mutu anasema, weye na ukuta tu, na batu 200 wengine bila shaka, lakini kila mutu na njia yake.

Abu Simbel nayo walihamisha, 1964 mpaka 1968, walikata mlima na sanamu za mfalme Ramses za mita 20, wakapandisha mita 65 juu. Kutoka Aswan ni karibu kilometre 300 za jangwa, munaamka saa nane ya usiku. Kuna siku mbili kwa mwaka, 22 Februari na 22 Oktoba, jua inaingia mpaka ndani kabisa inaangaza sanamu za nyuma, isipokuwa ya Ptah, mungu wa mafundi, yeye anabaki kivulini. Nilikuwa pale tarehe ingine, nasema tu kwa wale watapanga.

PapaKamalondo, Lubumbashi

Sasa tuongee makuta kama batu wazima. Na ile bei unapata kiwanja Kasapa unajenga hata nyumba ya mulango mbili. Na kama ni lazima kwenda, juu ya nini gurupu? Mutu muzima anachungwa na mwengine mwenye kijibendera mukononi. Si unashika pasipoti yako unaenda weye mwenyewe unatembea vile unataka?

YayaKatuba, Lubumbashi

Papa, kiwanja ninayo. Na nitakujibia na Karnak. Kuna sali moja mule yenye nguzo 134. Zile 12 za katikati zinapita mita 20 urefu, unainua kichwa mpaka shingo inauma na kule juu rangi ingali iko, bluu na nyekundu. Ingia mule bila mutu wa kukueleza, utasema "mawe kubwa" na kisha robo saa utatafuta kivuli. Ingia na gidi anayejua, atakuonyesha kazi ya mfalme Seti baba imechongwa kwa kuinua picha, polepole, na kazi ya Ramses mtoto imechimbwa ndani ya jiwe, haraka haraka, juu alitaka kumaliza na asifutwe na mutu. Toka hapo ku kila hekalu nilikuwa naweza kujua Ramses bila kuuliza. Ile sikulipia kuchungwa, nililipia macho.

Na mambo ya njia. Tikiti ya fasi nyingi sasa wanataka karte ya benki, hawapokei makuta ya mukononi, na karte zetu za hapa unajua benyewe vile zinakataaka inje. Mu gurupu ile yote imelipwa mbele. Sinai kuna barabara ya vizuizi vya askari, pasipoti, pasipoti, pasipoti, gidi anashuka anaongea Kiarabu munapita. Kupanda mlima wenyewe wanakupatia Mubeduini wa pale, hata ukiwa peke yako hauruhusiwe kwenda usiku bila yeye. Sasa uhuru yako Papa ungeitumia wapi?

Mwalimu_Bagira, Bukavu

Luxor mulipita pia? Ile nguzo ya jiwe yenye ncha (obelisk) moja inayobaki mulangoni mwa hekalu, ndugu yake iko Paris, Place de la Concorde, toka 1836. Mohamed Ali, mtawala wa Misri wakati ule, aliwapa Wafaransa, wao wakamrudishia saa ya mnara ambayo iko Cairo kwenye msikiti wake juu ya ngome, na ile saa kwa miaka na miaka haikutembea. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, wanacheka, halafu nawauliza vitu vya mababu zetu vilivyo Tervuren, kwa muzee (musée) ya Wabelji, tulipewa saa gani. Hapo darasa inanyamaza.

YayaKatuba, Lubumbashi

Hahaha Mwalimu! Tuliona ile saa. Yule mama Mfaransa alicheka kwanza akaona haya kisha.

MtotoWaKasongo, Lubumbashi

Salaam kwa wote. Nasoma tu hapa watu wanabishana mahekalu na makanisa, misikiti mumeipitia mbio. Mimi ni muislamu wa Maniema nakaa hapa Kenya (komini si inchi, kwa wasomaji wa mbali). Dada Yaya, Cairo mulionyeshwa msikiti wa Amr? Ndio wa kwanza Misri, ulianza 642, ijapokuwa majengo yamerudiwa mara nyingi. Na Ibn Tulun?

YayaKatuba, Lubumbashi

Ndugu uko na haki. Ibn Tulun, wa mwaka 879, kwangu njo jengo ya Cairo yote. Kiwanja kubwa wazi katikati, mnara wenye ngazi imezunguka inje, na kimya, hatukukuta batu. Gidi wetu alikuwa muislamu, alituomba tutoe viatu, wanamuke tujifunike kichwa, akasema mukae chini tu, nitawaita. Ni fasi moja tu ya safari yote hakupiga makofi.

Na Cairo ya zamani yenyewe ni ajabu juu ya vile vitu vimekaribiana. Unashuka kituo ya metro Mar Girgis, hapo hapo kanisa yenye inaninginia, imejengwa juu ya mulango wa ngome ya Waroma, kuna fasi wamefungua sakafu kidogo unaona chini hewa tupu. Mita kidogo, kanisa ya Abu Serga, unashuka ngazi mpaka pango ambamo Wakopti, wakristo wa Misri, wanasema Yosefu na Maria na mtoto walipumzika. Kisha Ben Ezra, sinagoga, humo walikuta chumba cha makaratasi ya zamani, Wayahudi hawatupi karatasi yenye jina la Mungu, basi walikuwa wanatia mule kwa miaka mia na mia, barua, mikataba ya ndoa, deni, orodha za soko. Mwalimu moja wa Cambridge, Uingereza, Solomon Schechter, alifika 1896, akapeleka mingi sana kule kwake. Mimi muuzaji wa soko, kusikia deni ya mufanyabiashara wa miaka 900 ingali inasomwa, niliogopa kidogo nikafikiri daftari yangu. Halafu kutoka pale unatembea tu kwa mguu unafika kwa Amr. Wakopti, Wayahudi, Waislamu mu kilometre moja. Na sisi hapa Lubumbashi tuko na sinagoga yetu ya wakati wa Wabelji, batu wengi wanaipitia kila siku hata hawageuzi macho.

Ile ya Luxor pia usiisahau: ndani ya hekalu ya Amoni kuna msikiti wa Abu Haggag, watu wanasali mule mpaka leo. Uko juu kabisa, juu waliujenga wakati muchanga umefunika hekalu, kisha wakachimba muchanga, mulango wa zamani ukabaki unaninginia hewani. Na kila mwaka sikukuu ya huyo mtakatifu wao wanapitisha mashua mu barabara. Zamani sana makuhani wa Amoni walikuwa wanapitisha mashua ya mungu kutoka Karnak mpaka fasi ile ile.

MtotoWaKasongo, Lubumbashi

Maulidi na mashua, subhanallah. Masheikh wengine hawatapenda ukisema hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Mulokole_Ndosho, Goma

Sijabadili mawazo kwa Karnak. Ila ile pango ya Abu Serga nimeisoma mara mbili.

Furaha_Himbi, Goma

Dada mimi naomba mambo ya wanawake. Kuvaa, kusumbuliwa njiani, wauzaji. Na sisi wa Goma tunatokaje, toka kiwanja cha ndege kifungwe Januari 2025?

YayaKatuba, Lubumbashi

Furaha, mabega na magoti yafunikwe, kitambaa ya kichwa mu mufuko kila siku, haikuombi nafasi. Kikwembe chetu cha kufunga ni muzuri kabisa, nilivaa bikwembe na baMisri walikuwa wananiomba picha, kule Aswan Wanubi wananiita dada, wananisemesha Kiarabu wakifikiri ni wa kwao. Viatu vya kufunga, si sandali, ku Karnak muchanga ni moto. Nenda Oktoba mpaka Aprili, wakati wa juli Luxor inapita digri 40 na utachukia Farao wote.

Wauzaji ku mulango wa kila hekalu watakufuata. Usisimame, usiulize bei kama hautaki, "la shukran" na mwendo. Mutu wa peke yake wanamukimbilia wa kwanza, hapo njo gurupu inafaa, jitie katikati. Usiku kutoka inje peke yangu Cairo sikutoka, Aswan nilitoka ku barabara ya mto na kulikuwa na familia nyingi, sikuona ubaya. Walioniuliza "bwana yako iko wapi" walikuwa wengi, nilikuwa najibu "anakuya", inafunga mazungumuzo.

Njia ya Goma wenzio watakueleza kunipita.

Birere_Moto, Goma

Furaha, unavuka Gisenyi unapanda bisi mpaka Kigali, ndege inatokea pale kupitia Addis. Lala Kigali siku moja mbele, usifanye mahesabu ya siku ile ile, mupaka haujulikani. Wa Bukavu nao wanavuka Rusizi, Kamembe mpaka Kigali. Karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, wanaiuliza. Viza ya Misri utafute mapema sana, ambasade iko Kinshasa, kwa hiyo uliza ajansi kama yenyewe inashughulikia mbele ya kulipa kitu chochote.

Kadutu_77, Bukavu

Mama yangu amesoma uzi wote nikimsomea, ni mukatoliki wa zamani, miaka inapita 65, na magoti yake si mazuri. Anataka kitu moja tu, Sinai. Anauliza ataweza?

YayaKatuba, Lubumbashi

Kadutu mwambie mama shikamoo yangu. Nitakuambia vile iko bila kupamba.

Mlima ni mita 2 285. Munaanza kupanda karibu saa nane ya usiku ili jua itokee mukiwa juu. Kuna njia mbili. Moja ni ngazi 3 750 zilizopangwa na watawa wenyewe, hiyo mama aisahau. Ingine ni njia ya ngamia, inazunguka polepole, na ngamia wako pale na Wabeduini, anaweza kukaa juu ya ngamia karibu njia yote. Lakini ngamia anasimama, na kuanzia pale kuna ngazi 750 za mawe zisizo sawa, gizani, na baridi, baridi ya kweli, mimi wa Katuba nilikodi blanketi kwa Mubeduini na nililipa bila kubishana. Zile 750 na magoti mabaya ni ngumu. Wazee wengine mu gurupu yetu walibaki kibanda cha chai mbele ya ngazi, na jua walikuwa wanaiona vile vile.

Ila amweleze gidi mapema kwamba anataka monasteri, si mlima. Mu magurupu mengi monasteri inapewa wakati wa mwisho mwisho, batu bamechoka, bananuka ngamia, wanataka kulala. Iko chini, tambarare kidogo, Justinian aliijenga kati ya 548 na 565 na mpaka leo watawa Waorthodoksi wa Kigiriki wanasali humo. Mama ataona kile kichaka wanachosema ni cha Musa, kimepanda ukuta, kibichi. Ataona picha takatifu ya Kristo ya rangi ya nta ya miaka ya 500, macho mawili hayafanani, moja inakutazama kwa huruma, ingine kama inakuuliza swali. Na Biblia ya zamani sana ya kuandikwa kwa mukono, ile Codex Sinaiticus, mutu moja Mjerumani Tischendorf aliitoa pale mara mbili, 1844 na 1859, sehemu kubwa akaipeleka Urusi, na 1933 Wasovieti wakauzia Waingereza kwa paundi 100 000. Watawa wanasema waliazimisha, hawakutoa. Mwalimu uongeze hiyo kwa darasa yako.

Na aangalie siku. Monasteri inafunguaka asubui tu mpaka karibu saa sita ya mchana, na ijumaa na siku ya mungu mara nyingi imefungwa. Kuna ajansi zinafikisha batu Sinai siku ya ijumaa na zinaandika mu programu "kutembelea monasteri", mutaona ukuta. Aulize tarehe mbele ya kulipa.

Mwalimu_Bagira, Bukavu

Nimeshaandika ubaoni.

Kadutu_77, Bukavu

Anasema ngamia anakubali, ngazi atatazama akifika. Na anauliza kama anaweza kulala chumba kimoja na yule mama Mfaransa.